Namna ya kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hapa Mwanza bila kuja kulia baadae

Wakuu, mtu akija Mwanza kutafuta chumba swali lake la kwanza ni kodi shingapi kwa mwezi, anaambiwa laki na ishirini, anaona nafuu, alafu dalali anamalizia kwa upole kabisa "ila mwenye nyumba anapokea kuanzia miezi sita, na mwezi mmoja wangu". Hapo laki na ishirini imeshakuwa laki nane na arobaini na hujanunua hata pazia. Iwe Nyegezi, Buhongwa, Kiseke, Nyakato au Igoma stori ni hiyohiyo, wachache wanakubali mitatu, na wanaopokea mwezi kwa mwezi wengi ni wa vyumba vya uswahilini kabisa. Na usipoteze muda kumtishia mtu na sheria maana ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilishafutwa tangu 2005, kwaiyo kiasi na idadi ya miezi ni makubaliano yenu tu.

Sasa watu wengi wanaichukulia hii hela ya mkupuo kama mkosi, wanaitoa harakaharaka ili wapate funguo wakalale. Wakati hiyo ndo silaha pekee mpangaji aliyonayo. Hela ikiwa bado mfukoni kwako mwenye nyumba anakuita mwanangu, simu anapokea mlio wa kwanza, bomba linalovuja anasema "hilo dogo, fundi anakuja kesho". Ikishaingia kwake subiri uone. Kwaiyo kila unachokitaka kwenye hiyo nyumba, mita, rangi, dirisha lililovunjika, mkataba, unakidai kabla hujatoa, na kulipa ndo kuje mwisho kabisa.

PIGA HESABU YOTE, SIO KODI TU

Tuendelee na laki na ishirini hiyohiyo. Miezi sita ni 720,000, dalali 120,000. Bado hela ya kuonyeshwa nyumba, dalali mwingine anataka elfu kumi mwingine ishirini anaiita ya usumbufu, na anaichukua hata kama nyumba hujaipenda. Bado kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, la kuhamisha vitu na vijana wa kubeba. Bado kitasa kipya, na hapa naomba mnielewe, kitasa kipya sio anasa, aliyehama huwezi kujua amechonga funguo ngapi. Weka na LUKU ya kuanzia, hela ya taka, hela ya ulinzi wa mtaa kama upo. Mtu mwenye 720,000 kamili mfukoni hana uwezo wa kupanga chumba cha laki na ishirini, ana uwezo wa chumba cha themanini au tisini, bora ulijue hilo ukiwa bado unatafuta kuliko kuja kukopa kwa wale jamaa wa kausha damu ili kumalizia.

Udalali wa mwezi mmoja ni mazoea tu, sio amri, unaongeleka, hasa kama nyumba imekaa tupu muda. Kitu cha kuangalia zaidi ni cha juu, ile hela dalali anayojiongezea juu ya bei ya mwenye nyumba. Nyumba moja hapa mjini inaweza kuwa inatangazwa na madalali watano, kila mmoja na bei yake, mmoja anasema 120 mwingine 150 na mwenye nyumba mwenyewe alisema 110. Dawa yake ni moja, bei uisikie kwa mdomo wa mwenye nyumba, dalali akiwepo hapohapo. Dalali anaekataa kabisa usionane na mwenye nyumba mpaka ulipe kwanza, achana nae, nyumba zipo nyingi.

Pia unaweza usimtumie dalali kabisa. Chagua mtaa unaoutaka, shuka kwenye daladala, nenda kwa mangi nunua soda, uliza. Mama ntilie anajua nani anahama mwisho wa mwezi. Bodaboda wa kijiwe wanajua zaidi, na ukiwapa elfu tano wanaenda na wewe mlango kwa mlango. Inachosha, ila umeokoa kodi ya mwezi mzima.

Na muda wa kutafuta una maana yake. Maeneo ya Malimbe, Nyegezi, Mkolani wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wakianza kurudi mwezi wa kumi na wa kumi na moja vyumba vinapanda bei na boom, ile hela yao ya mkopo, likitoka ndo hakukamatiki. Kama huna haraka ingia sokoni mwezi wa nane au wa tisa mwanzoni, wakati wenye vyumba vitupu wana wasiwasi. Hapo hata miezi sita inashuka kuwa mitatu bila kelele.

MWENYE NYUMBA NI NANI HASA

Hapa ndo hela nyingi zinapopotelea, kwaiyo twende taratibu. Utapeli wa kodi ya mkupuo una sura chache tu na ukizijua inakuwa ngumu kukupata.

Sura ya kwanza ni mpangaji anaejifanya mwenye nyumba. Kodi yake imebaki mwezi mmoja, anatangaza chumba, anachukua miezi sita kwako na kwa mwingine na kwa mwingine, wote mnapewa tarehe moja ya kuhamia. Siku hiyo mnakutana watatu mlangoni na magodoro yenu. Sura ya pili ni mlinzi wa pagala, yaani nyumba ambayo haijaisha kujengwa, hii ipo sana huku pembeni Buhongwa, Kisesa, Usagara, Buswelu, mwenye nyumba yupo Dar au Arusha amemuacha kijana alinde, kijana anaona vyumba viwili vina milango anaanza kuvipangisha. Ya tatu ni nyumba ya marehemu. Kaka mkubwa anachukua kodi yako, mwezi wa pili anakuja dada yao anasema yeye ndo msimamizi wa mirathi na kaka hana mamlaka, na kweli ana karatasi ya mahakama. Hapo hujatapeliwa na mtu wa mtaani, umelipa familia, ila umelipa mkono usio sahihi na unaweza kuambiwa ulipe tena. Ya nne, nyumba iliwekwa dhamana benki na mkopo umeshindikana, we unapanga leo madalali wa mnada wanakuja kupiga tangazo ukutani.

Zote hizo zinakamatika kwa kutembea kidogo. Nenda kwa mjumbe au balozi wa eneo, au ofisi ya serikali ya mtaa, uliza kiungwana, "shikamoo mzee, nataka kupanga kwa fulani pale, nyumba ni ya nani?" Usiulize kwa namna ya kumshuku mtu, sema unataka kujitambulisha mapema. Atakwambia mengi kuliko ulivyouliza. Uliza na wapangaji waliopo, haswa kina mama wanaofua uani, wao ndo wanajua nani huwa anakuja kuchukua kodi na nani anakuja kugomba. Alafu mwombe mwenye nyumba bili ya maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mwanza, ya mwezi uliopita, jina liko pale, linganisha na kitambulisho chake cha NIDA. Hati au ofa ya kiwanja wengi hawapendi kuonyesha na sio kila mtu anayo, ila bili ya maji hakuna mwenye nyumba atakaekunyima, na ikija na deni la miezi mitano umejua mapema pia. Jina la bili likiwa la mtu mwingine sio lazima awe tapeli, uliza tu, akisema ni la baba yake marehemu basi omba kuona karatasi ya usimamizi wa mirathi.

Kama mwenye nyumba yupo mbali, mpigie simu ya video, akuonyeshe sura na kitambulisho, aseme nani anapokea kwa niaba yake, na huyo anaepokea awe na maandishi, hata barua ya mkono yenye sahihi ipigwe picha. Na hela iende kwenye akaunti yenye jina la mwenye nyumba, sio ya shemeji.

NYUMBA YENYEWE, NA MILIMA YETU HII

Mwanza ukipewa picha ya nyumba Igogo, Mabatini, Isamilo ya juu au Kitangiri unaona ziwa lote na mawe mazuri na kodi ndogo, unashangaa kwanini ipo tupu. Panda mwenyewe kwa miguu ukiwa na dumu la lita ishirini ndo utajua. Kirikuu linaishia chini barabarani, friji na kitanda vinapanda kichwani kwa mtu, na kila mtungi wa gesi ni safari. Sisemi usipange mlimani, kuna watu wamezaliwa huko na upepo wa huko jioni hauna mfano, nasema kodi yake iwe inalingana na hiyo ngazi.

Maji ndo swali kubwa. Mtu kutoka nje anadhani tupo kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika basi maji ni ya kumwaga. Mlimani presha ni ndogo, maeneo mengine yanatoka usiku wa manane tu, mengine kwa mgao, na hata baada ya mradi wa maji wa Butimba mtaa na mtaa vinatofautiana. Usimuulize mwenye nyumba, atasema "maji hayasumbui". Waulize majirani yanatoka siku gani na saa ngapi, angalia kama kuna simtank na lina ukubwa gani kwa wapangaji wangapi. Ukiona ndoo na madumu yamejipanga uani mpaka mlangoni, umeshajibiwa.

Choo nacho. Kwenye mwamba hakuchimbiki, kwaiyo shimo linakuwa fupi na linajaa haraka, na mvua ikinyesha wengine wanafungulia yatiririke na maji ya mvua mpaka kwa jirani wa chini. Milima kama Igogo na Mabatini kuna nyumba zimeunganishwa kwenye mabomba ya majitaka ya MWAUWASA, uliza kama hiyo yako imo. Kama haimo uliza shimo lilinyonywa lini na nani analipia kunyonya. Swali la aibu ila nani alipie kunyonya ni ugomvi wa kila nyumba ya wapangaji.

Mvua: ukiweza rudi kuiona nyumba siku imenyesha. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba. Angalia mstari wa maji ukutani kwa chini, angalia rangi mpya iliyopakwa nusu ukuta tu, angalia jiwe lililo nyuma ya nyumba limekalia nini. Karibu na mto Mirongo usiulize hata, tembea uone nyumba zimewekewa vizingiti virefu vya mlangoni, hawakuviweka kwa urembo.

Na wale wa kutaka nyumba ya ufukweni kabisa, Luchelele, Igombe na kwingine, sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Nyumba ikiwa ndani ya hizo mita siku yoyote inaweza kuwekewa X ya kubomolewa, na ziwa lenyewe halina adabu, 2020 maji yalipanda yakala fukwe na nyumba za watu huku kote. Kulipa mwaka mzima mbele kwenye nyumba ya hivyo ni ujasiri ambao mi sina.

Umeme sasa. Kwanza jua kama mita ni yako peke yako au ya nyumba nzima. Ya kushea inaleta kesi kila wiki, na pia haina unafuu, maana ile tarifa ya watumiaji wadogo ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi na wapangaji watano wenye pasi na jiko la umeme hawawezi kukaa humo. Pili nakupa mbinu, kabla hujalipa kodi andika namba ya mita, nunua LUKU ya elfu tano kwa simu yako, soma ule ujumbe vizuri. Utaona makato. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Nyumba iliyokaa tupu miezi nane inakuwa na limbikizo, na anaekatwa ni anaenunua umeme, yaani wewe, japo ni kodi ya mwenye jengo. Elfu tano ikitoka na uniti mbili tatu, au ikigoma kabisa, unaenda na huo ujumbe kwa mwenye nyumba, "mzee hapa kuna deni, tulitoe kwenye kodi". Anakubali kirahisi sababu bado hujalipa. Ukimwambia wiki ya pili baada ya kuhamia atakwambia umeme ni wako.

MAONGEZI YA KODI

Ukishaipenda nyumba usiseme umeipenda, hilo mnalijua.

Anza na miezi. Mwambie nalipa mitatu sasa na mitatu tarehe fulani, iandikwe. Mwenye nyumba anataka sita kwasababu ana kitu anakifanya, anapaua, anasomesha, ana ada ya Januari, ukijua shida yake ni shingapi utakuta wakati mwingine ni ya miezi minne tu. Wengine hawashuki, basi usishushe miezi, omba kitu kingine. "Mama nalipa yote sita leo hii, ila naomba gypsum ile iliyodondoka irekebishwe na tupate mita ya kujitegemea." Mama mwenye nyumba akiona noti akili inakuwa nyepesi.

Kulipa mwaka mzima ili upunguziwe inaweza kuwa na faida kweli. Nyumba ya 150,000 kwa mwaka ni 1,800,000, ukimwambia nakupa mwaka kwa 130,000 inakuwa 1,560,000, umebakisha 240,000. Ila hiyo ni kwa nyumba unayoijua, umeshakaa miezi sita ya kwanza, umeshajua maji, majirani na kelele za baa ya jirani. Mwaka mzima kwenye nyumba uliyoiona mara moja saa tano asubuhi, hapana.

Kuna kundi moja malipo ya mbele yanawafaa kuliko wote, watu ambao hela yao haiji kwa mwezi. Mtu wa dagaa pale mwaloni Kirumba anapata kwenye giza, mbalamwezi ikishakuwa kali wavuvi wanapumzika na yeye anapumzika. Mtu wa pamba anasubiri msimu ufunguliwe mwezi wa tano. Hawa ukiwapa kodi ya kila tarehe moja watafukuzwa tu, hela ikiingia wamalize nyumba ya mwaka au miezi sita alafu mengine yaendelee. Sema mwenye nyumba wa mjini akisikia we ni mvuvi anakuwa na mashaka, hapo ndo unatoa mkupuo na mashaka yanaisha.

Alafu kuna ile ya pagala, "ingia malizia mwenyewe tukate kwenye kodi". Huku Buhongwa, Nyamhongolo, Kisesa ipo nyingi. Inaweza kukufaa kama una fundi wako, lakini kabla hujanunua hata bati moja muandikiane nini kinawekwa, kwa bei gani, na ni miezi mingapi inakatwa, risiti za dukani uziweke zote. Bila hivyo ukimaliza kuweka madirisha ya aluminiamu nyumba inapendeza, na nyumba ikipendeza mtoto wa mwenye nyumba anaanza kuitaka.

MKATABA

Usikubali "sisi huku tunaaminiana". Karatasi mbili za mkono zinatosha kabisa, kila mtu abaki na yake. Ndani kuwe na majina kamili na namba za NIDA za wote wawili, nyumba iko mtaa gani na chumba kipi, kodi kwa mwezi kwa tarakimu na kwa maneno, kiasi kilicholipwa, kinaanzia tarehe ngapi mpaka ngapi. Weka mita ya nani, maji analipa nani, kunyonya choo nani, matengenezo makubwa nani. Weka kwamba kodi haipandi mpaka miezi uliyolipia iishe, na notisi ni miezi mingapi kwa kila upande. Weka na habari ya kuhama mapema, hii watu wanairuka na ndo inaliza, nitairudia. Shahidi mmoja kila upande, na ikiwezekana mugonge muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, ofisi nyingine wanatoza kidogo, lipa.

Nyumba kubwa au ya kodi ya mamilioni tafuta wakili, na ulipie ushuru wa stempu TRA, ni asilimia 1, kwasababu mkataba ambao haujalipiwa stempu ukifika mahakamani unaweza kukataliwa kama ushahidi. Kwa chumba cha elfu themanini wengi hawafanyi. Anaepanga fremu ya biashara ajue pia kuna kodi ya zuio asilimia 10, unaikata kwenye kodi ya mwenye nyumba unaipeleka TRA, usipoikata watakuja kukudai wewe, kwaiyo liongeleeni kabla hamjataja bei ya mwisho maana mwenye fremu wengi wanataka laki yao ifike kamili.

SASA LIPA

Kama umeipenda na hela yote hujaitimiza, toa kishika uchumba, kiwe kidogo, elfu hamsini au laki, na kiandikwe hata kwa meseji, "nimepokea 50,000 ya kushikia chumba, ni sehemu ya kodi, akikosa nyumba kwa sababu yangu narudisha". Kishika uchumba anapewa mwenye nyumba, sio dalali.

Iliyobaki ilipe siku ya kukabidhiwa funguo, mkiwa pale nyumbani, chumba kikiwa kitupu na umeingia ndani. Sio "aliyepo anahama jumapili". Aliyepo ahame kwanza. Piga picha kila ukuta, kioo, sinki, mita, alafu ndo mkae muandikishane.

Noti mkononi inakubalika kama kuna mashahidi na risiti, lakini mi naona benki au simu ni bora sababu inaacha alama. Ukituma kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au Halopesa jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri, lisome, likiwa tofauti na la kwenye mkataba acha hapohapo. Atakwambia uongeze ya kutolea, na kwa laki saba ya kutolea sio hela ndogo, kwaiyo hilo nalo mkubaliane mapema, au muweke benki. Dalali mlipe funguo ikiwa mkononi mwako, akinuna mwache anune.

Na ile meseji maarufu, "mimi mwenye nyumba wako mbona kimya, ile kodi nitumie kwenye namba hii", inaweza kukufikia kwenye wiki hiyohiyo unayohangaika na kodi na ukajikuta umetuma. Usitume kitu bila kumpigia kwa namba unayoijua, na hiyo namba ya tapeli iripoti 15040.

Baada ya hapo badili kitasa, nenda ukajitambulishe kwa mjumbe, na anza kuchanga ya awamu inayokuja siku hiyohiyo. 720,000 ukiigawa ni kama elfu nne kwa siku, kwa mwenye biashara ya kila siku inaingia kwenye kibubu au kikoba bila kuumia sana, ukisubiri mwezi wa tano ndo ushtuke haichangiki. Mwezi mmoja kabla haijaisha nenda mwenyewe ukaongee nae, usingoje akutafute, ukimtafuta we ndo unapanga maneno.

UKITAKA KUHAMA MIEZI HAIJAISHA

Umepata uhamisho kwenda Geita, au ndoa, au maji yamekushinda. Hela iliyoliwa hairudi kirahisi, mwenye nyumba keshapaua nayo. Ndo maana kule kwenye mkataba nikasema uweke sentensi kwamba mpangaji akihama mapema anaruhusiwa kuleta mtu mwingine amalizie miezi iliyobaki. Kwa sentensi hiyo kazi yako inakuwa ni kutafuta mtu, sio kugombana. Mtu huyo mpeleke kwa mwenye nyumba, akubalike, waandikishane wao mkataba wao mpya, yeye akulipe wewe ile miezi iliyobaki mwenye nyumba akiwa anaona, na wewe uandike umepokea. Mwenye nyumba akileta ubishi na sentensi ipo, anza na mwenyekiti wa mtaa, wengi wanalainika pale, ikishindikana baraza la kata kwa usuluhishi. Kama mlisahau kuiandika bado jaribu kumuomba, mpe notisi ya mwezi na umletee mtu wa uhakika, mpangaji mpya atakaekaa muda mrefu ni faida kwake pia. Funguo usimkabidhi mtu yeyote mpaka meseji ya hela yako iingie.